Taa Nyuma ya Bibi Harusi

Kuna watu watakwambia Bi Mwanakheri kazidi, kafanya jambo ambalo mwanamke mwenye haya zake halifanyi. Waulize kwanza wao walipekuliwa mkoba langoni siku ngapi. Mimi Bi Mwanakheri nilipekuliwa siku arubaini na moja za kazi, mbele ya wanafunzi niliowafundisha mwenyewe kushika kamera. Aliyenipekua ni mlinzi Ubwa, jirani yangu mtaani Jang'ombe, na alikuwa akitoa kitu kimoja kimoja anakiweka juu ya meza: kanga, bakuli la chakula, dawa zangu za presha, na vitu vya kike ambavyo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuviona. Kama wao hayajawafika hayo, basi wanyamaze.

Mimi ni mtunza vifaa wa idara ya sanaa za picha na sauti hapa chuoni kwetu. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Idara yenyewe imo kwenye nyumba kongwe ya ghorofa mbili, mtaa wa Kiponda, ile iliyo mkabala na fundi cherehani. Chini pana studio ya sauti, na kwa unene wa zile kuta hata mashine za cherehani huzisikii. Ghorofa ya kwanza mna kompyuta za kuhariria. Juu kabisa ndiyo chumba cha maonyesho, chenye skrini kubwa na viti vya kukunja. Stoo yangu iko chini ya ngazi. Humo mna kamera tisa, lenzi kumi na saba, taa, maikrofoni, stendi na nyaya za kila namna, na ukiniamsha usingizini nikakwambia kila kitu kiko rafu gani.

Adui wa vifaa hivi katika mji huu ni hewa. Hewa yetu ina chumvi na ina unyevu, na lenzi ukiiacha kabatini masika moja tu, ndani ya kioo chake inaota koga, nyuzi nyembamba nyeupe zinatambaa kama zile za mkate uliolala. Dawa yake ni kabati la kukaushia, la umeme. Nilimwandikia mkuu wa idara, Dokta Gharib Msabah, barua tatu kuliomba. Ya kwanza hakuijibu. Ya pili akanijibu, jaza fomu, kwa sababu huyo mtu kila ukimwambia neno jawabu lake ni jaza fomu. Nikaijaza. Ya tatu ilipomfikia, kikaja kiyoyozi kipya, kikafungwa ofisini kwake, juu ya kichwa chake.

Basi nikafanya kienyeji. Nikazitia lenzi zangu kwenye ndoo zenye mifuniko, na ndani nikaweka mchele mkavu niliouanika juani, umefungwa kwenye vitambaa. Na kila mwisho wa mwezi nikawa nazikagua. Natundika ukutani uzi wa taa ndogo ndogo, zile za kupambia harusi, naifunga lenzi kwenye kamera, kisha nazitia taa ukungu kwa makusudi mpaka kila moja iwe duara kubwa la mwanga. Hapo ndipo lenzi inaposema kweli. Uchafu wowote uliomo ndani ya kioo hutokea kwenye kila duara, umbo lile lile, mahali pale pale. Picha naichapisha, naibandika kwenye daftari, naandika tarehe. Siku moja Dokta Gharib alilifungua lile daftari mbele ya walimu akacheka.

"Bi Mwanakheri," akasema, "lenzi zako unazipiga picha za paspoti? Zinasafiri kwenda wapi?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka.

Lenzi iliyopotea ilikuwa ile kubwa ya kupigia nyuso za watu, ya milimita themanini na tano, ambayo hatuna nyengine kama hiyo. Ilikuwa imeshaota koga kidogo, upande wa chini kushoto: unyuzi mmoja uliogawika vidole vitatu, kama mguu wa kuku. Nilikuwa nao kwenye daftari miezi mitano mfululizo, nikiuangalia unavyokua. Mwisho wa mwezi wa Rajab nilipofungua ndoo kufanya ukaguzi, nikahesabu lenzi kumi na sita. Nikahesabu tena. Nikamwaga mchele wote sakafuni.

Aliyetoa taarifa ni mimi. Hilo mtu asilisahau. Niliandika kwa mkono wangu, nikapeleka kwa mkuu wa idara siku ile ile, nikasema mlango haukuvunjwa na funguo za stoo ziko mbili tu, wangu na wake. Akaisoma taarifa yangu, akaikunja, akaniambia ufunguo wake haujatoka kwenye droo mwaka mzima.

Kesho yake akatukusanya sote kwenye ua wa ndani, walimu na wanafunzi, akasimama ngazi ya tatu ili aonekane.

"Wakaguzi wanakuja baada ya Idd kuja kuangalia kama tuna vifaa vya kufundishia," akasema. "Na humu ndani tuna mtu anakula na sisi, anatuibia."

Hakutaja jina. Alinitazama tu, na macho ya watu yakafuata ya kwake. Halafu akasema mpaka lenzi ionekane, mtunza vifaa atapekuliwa kila akitoka. Si walimu, si wanafunzi, si yeye. Mimi tu. Na kwamba baada ya Idd itakaa kamati, na nisipoitoa lenzi nitaondoka kazini kwa barua ya wizi.

Kazi ningeweza kupata nyengine. Mikono ninayo. Lakini jina la mwizi Jang'ombe halifutiki, unazikwa nalo. Wiki ya pili tu nilikwenda msibani, nikakaa mkekani, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akauvuta mkoba wake akauweka upande wa pili. Ni mtu ninayemjua tangu skuli. Nikarudi nyumbani nikalia mpaka macho yakavimba, na nilipomaliza kulia nikasema, huyu aliyenifanyia hivi, Mungu anipe siku moja tu niwe na yeye chumba kimoja.

Mungu akanipa. Na aliyeileta siku hiyo ni mke wake mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la pili, baada ya Laasiri. Niko barazani kwangu nakuna nazi ya futari, nikasikia hodi. Bi Thuwaiba, mke wa Dokta Gharib. Simjui sana, lakini tunaamkiana. Nikadhani kaja kunitukana, nikakaza mbuzi miguuni nikangojea. Kumbe mtu kaja na haja yake.

Mtoto wao Yusra aliolewa Rajab. Albamu ilikuwa ipelekwe kwa wakwe, Mkokotoni, siku ya Idd pili, na picha za upande wa wanawake zilikuwa na kasoro. Sasa elewa mambo yetu. Upande wa wanawake bibi harusi anakaa kichwa wazi, kapambwa, kachorwa hina mpaka mabegani. Simu zinaachwa mlangoni, mpiga picha ni mwanamke, na picha zile hazionwi na mwanamme asiyekuwa wake. Mimi nimekuwa nikizisafisha picha za namna hiyo miaka mingi nyumbani kwangu, kwa sababu mafundi wengine wa mji huu wote ni wanaume.

"Mpiga picha kaniambia yuko kijana Darajani anasafisha vizuri," akasema Bi Thuwaiba. "Nikamwambia wee, mwanangu kichwa wazi haendi Darajani. Nikakukumbuka wewe."

"Kasoro gani?" nikamuuliza.

"Taa. Tulipamba taa nyuma ya kiti chake, nzuri sana. Sasa kwenye picha kila taa ina kitu ndani. Kama mguu wa kuku."

Niliendelea kukuna nazi. Wallahi sikusimama.

"Mpiga picha alitumia lenzi ya nani?" nikauliza.

"Kamera yake, lakini lenzi kaleta baba Yusra kutoka huko kwenu. Kubwa, nzuri. Bahati mbaya ikaanguka ngazini wakati wa kuondoka, kioo kikapasuka. Baba Yusra kasema tusijali, ni ya ofisini kwake, hakuna wa kumuuliza."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Hakujua kama nnapekuliwa. Mumewe hakumwambia, na hakukuwa na mtu wa kwenda kumwambia. Akanipa flashi, akaniombea dua, akaenda zake kuwahi futari, na mimi nikakaa na nazi yangu nusu imekunwa nusu haijakunwa.

Picha zilikuwa sitini na tatu. Nilizisafisha zote kwa siku nne, taa moja moja, na Yusra akatoka kama mwezi. Yule mtoto ni mzuri, nilisema mashaallah peke yangu mbele ya kompyuta. Nikamrudishia mama yake flashi, na kwangu nikafuta zote mbele ya macho yake, kwa sababu amana ni amana hata ikiwa ya mke wa adui yako. Nilichokibakisha ni kipande kimoja tu nilichokikata kabla sijasafisha: taa sita. Nikakitia kwenye flashi yangu; hamna hata unywele wa mtu.

Utaniuliza kwa nini sikwenda siku ile ile kwa mwenyekiti wa kamati. Kwanza, ningekwenda kusema nini? Kwamba mke wake kaniambia? Bi Thuwaiba nimburure mbele ya wanaume amshuhudie mumewe? Sikumtakia hayo. Lakini nikwambie na la pili, maana sitaki kujifanya malaika. Nilitaka awe amekaa. Nilitaka watu wawe wamekaa na mlango umefungwa, na aniombe. Ramadhani nzima nilikuwa nafikiria atakavyoniomba, maneno gani atatumia, sauti yake itakuwaje. Mungu anisamehe, kuna siku yalinijia katikati ya tarawehe, nikasahau rakaa ya ngapi.

Kamati ilikaa Jumatatu ya kwanza baada ya Idd, asubuhi, juu, kwenye chumba cha maonyesho. Wanaume watano. Mwenyekiti Mzee Simai, mtu mzima, mstaafu wa elimu. Mwanasheria wa chuo. Munir, mwalimu wa kamera, ambaye ndiye pekee kati yao anayejua lenzi ni nini. Karani wa kuandika kumbukumbu, na huyo huandika kila neno kama lilivyosemwa, hata mtu akipiga chafya. Na Dokta Gharib, kama mlalamikaji, kavaa kanzu mpya ya Idd.

"Bi Mwanakheri," akasema Mzee Simai, "una la kusema kabla hatujaamua?"

"Ninalo."

Nikaweka daftari langu mezani, nikafungua ukurasa wa lenzi ya themanini na tano. Nikawaeleza koga ni nini na inavyotokea kwenye duara la taa. Nikawaonyesha mguu wa kuku, mwezi kwa mwezi, unavyokua. Munir akatikisa kichwa kukubali. Dokta Gharib akatazama saa.

Kisha nikatoa flashi kwenye mkoba wangu, mkoba ule ule.

"Humu mna picha iliyopigwa kwa lenzi yetu," nikasema. "Imepigwa Rajab, harusini, upande wa wanawake. Ukiziangalia taa zilizo nyuma ya bibi harusi, utaiona alama hii hii."

"Harusi ya nani?" akauliza mwanasheria.

"Ya Yusra Gharib."

Kiyoyozi hakimo chumba kile, kuna mapangaboi tu, na nilimwona Dokta Gharib jasho linamtoka chini ya kofia. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha. Nasema kweli, ni furaha.

Munir akasafisha koo. "Haiwezekani ikakatwa, tukaona taa peke yake?"

"Inawezekana," nikamwambia. "Lakini wa kuikata lazima aione kwanza, na humu asiye mwanamme ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyeshitakiwa. Nikisema nimeikata mimi, mtasema nimeichezea." Halafu nikamgeukia Dokta Gharib. "Au Dokta aseme mwenyewe. Akisema lenzi ilikwenda wapi, flashi hii naivunja hapa hapa kwa kisigino, na mimi nimeridhika."

Nikangoja. Nilikuwa nimeshamtayarishia na jawabu. Angesema, Bi Mwanakheri tafadhali, ningemwambia jaza fomu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jikoni.

Dokta Gharib akaitazama flashi mkononi mwangu. Akanitazama mimi. Niliyaona macho yake yanapiga hesabu, huyu anayo au hana, na hesabu ile haikuwa ya haraka.

"Fungua," akasema.

Mzee Simai akamgeukia. "Gharib. Ni mwanao."

"Nnajua ni nani. Anatutisha, hana kitu. Nimesema afungue."

Hapo furaha yangu yote ikakatika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila jambo ila hilo. Na mimi niliyepanda ngazi zile na hasira ya miezi miwili, nikajikuta namwonea uchungu yule msichana ambaye nilimsafishia taa moja moja. Nikataka kusema basi, ni taa tu. Lakini mkono wangu ulishafika kwenye kompyuta, na hasira yangu nayo haikuwa imekwisha.

Nikaiwasha projekta. Mzee Simai alivua miwani akaiweka mezani. Munir akageuka akatazama ukutani. Mwanasheria akainama akaviangalia viatu vyake. Karani akazamisha uso kwenye karatasi, na kalamu yake nilikuwa naisikia inaandika. Aliyebaki ameikodolea macho skrini ni mmoja, baba mtu.

"Tazameni," nikasema. "Ni taa."

Hawakuinua vichwa. Ikabidi niseme tena. "Inueni macho. Hamna mtu humu. Ni taa tu."

Wakainua mmoja mmoja. Maduara sita ya mwanga, ukuta mzima, na ndani ya kila moja, chini kushoto, mguu wa kuku. Munir akainuka na daftari langu, akasimama karibu na skrini akalinganisha, kidole kwenye daftari, kidole kwenye duara. Alichukua muda wake.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Haiwezi kuwa nyengine."

"Iko wapi hiyo lenzi, Gharib?" akauliza Mzee Simai. Miwani hakuivaa tena, nadhani hakutaka kumwona vizuri.

"Ilivunjika," akasema, kwa sauti ndogo hata karani akamwomba arudie.

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yamenikauka. Lakini moja nilimwambia, kwa sababu lilikuwa haki yangu. "Dokta, lau ungeninunulia lile kabati, lenzi ingekuwa safi, na leo nisingekuwa na kitu cha kukushika nacho."

 Wote walikuwa wanakwepa kumtazama, na sidhani kama ilikuwa kwa ajili ya lenzi.

Ukuu wa idara akavuliwa wiki ile ile, akapewa Munir. Barua ya kwamba Bi Mwanakheri hana kosa ilibandikwa ubaoni pale uani. Ubwa akaja nyumbani kwangu na mke wake na sahani ya biskuti kuniomba radhi, nikampokea, maana yeye alitumwa tu. Kabati la kukaushia likaja kabla ya wakaguzi, na mchele wa kwenye ndoo nikawapa kuku. Nakala ya kumbukumbu za kikao nilipewa na mimi kama mhusika, kurasa mbili, nikazitia droo ya stoo nikafunga.

Nikajiambia, imekwisha. Lile neno alilolisema, nikasema nalo litalala mle droo. Mtoto ana nyumba yake Mkokotoni, mpya, ana mume, kwa nini nimtie sumu? Nilikuwa na nia hiyo kweli. Naomba uniamini hapo.

Wiki tatu hazikupita, akaja Yusra.

Alishuka ngazi mbili za stoo, kajifunga buibui, uso umevimba kwa kulia. Hakuniamkia. Msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho, kaingia stoo kwangu hajasema shikamoo.

"Picha yangu iko wapi?" akasema.

"Picha gani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Baba katwambia yote. Kasema ulitaka kunianika mbele ya wanaume, na yeye akaona bora akubali makosa, apoteze cheo chake, ili mimi nisitirike. Mama tangu siku ile hali chakula. Mume wangu Haitham ananiuliza kila siku nani kaniona, na mimi sina la kumjibu."

Kumbe huko nyumbani mwenzangu ameshakuwa shujaa. Hata hivyo lile neno lake sikulisema. Nikachukua flashi, nikaitia kwenye kompyuta ya stoo, nikamfungulia.

"Tazama mwenyewe. Ndiyo hii, na hakuna nyengine. Mama yako alishuhudia nikizifuta."

Akatazama. Akasogea karibu na kioo, kana kwamba yumo ndani mahali fulani.

"Ni taa," akasema.

"Taa sita. Hakuna mwanamme aliyekuona, wala hakuna ambaye angeliweza kukuona. Mwambie mumeo aje aone na yeye, na Munir atamhakikishia."

Mabega yake yakashuka. Alikaa kwenye sanduku la taa akafuta uso kwa mtandio, na mimi nikadhani tumemaliza, nikawa natafuta birauli nimpe maji. Lau angelinyanyuka akaenda zake wakati ule, mpaka leo asingelijua kitu. Lakini alinyanyua kichwa, akanitazama kwa chuki kama ya baba yake.

"Kwa hiyo baba yangu kajiangamiza kwa ajili ya taa sita," akasema. "Ulimdanganya, akadhani ni mimi. Alivyosema ni kweli. Wewe ni mwizi. Kama hukuiba lenzi, umeiba heshima ya mtu."

Mwizi. Ndani ya stoo yangu, baada ya siku arubaini na moja.

Nikaweka birauli. Nikafungua droo, nikatoa zile kurasa mbili, nikampa.

"Ukurasa wa pili," nikamwambia. "Mstari wa kumi na nne."

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inakwenda taratibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayefuata herufi. Akarudi juu, akasoma tena kuanzia pale niliposema nitaivunja flashi kwa kisigino, akashuka mpaka mstari wa kumi na nne.

"'Fungua,'" akasoma. "Huyu ni nani anayesema?"

"Jina liko pembeni."

"Na alikuwa anajua kama ni taa tu?"

"Hakujua. Hakuna aliyejua ila mimi."

Nje fundi cherehani alikuwa amefungua redio, na kwa mlango wa stoo ulio wazi tukawa tunasikiliza matangazo ya vifo. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Lilimtoka tu, au vipi? Alisema mara moja?"

Ningeliweza kusema mara moja. Nilifikiria. Nilifikiria na ule mkoba uliovutwa upande wa pili pale msibani.

"Soma wa kumi na sita," nikasema.

Akausoma, pale aliposema, 'Nimesema afungue.' Alipomaliza alizikunja zile karatasi mara nne, vizuri, akaniuliza kama anaweza kuchukua. Nikamwambia chukua, hiyo ni nakala tu. Hakulia. Nilikuwa nangoja alie na hakulia, akazitia mkobani, akavuta zipu, akajifunga mtandio upya. Sura yake ile ninayo mpaka leo, na sijuti, lakini ninayo.

Alipofika ngazi ya juu akasimama, akanigeukia.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri," akasema.

"Marahaba," nikamwitikia.

Akatoka na karatasi zake mkobani kwenda kwao, kwa baba yake, na pale langoni Ubwa hakumpekua.